Malindi na Watamu Watalii Wakiadimika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu anayefikiria kuja Malindi au Watamu katika mwaka ambao wageni hawakuja kama ilivyotarajiwa. Anasikia kwamba hoteli zimefungwa, kwamba bei zimeanguka, kwamba vijana wa ufuoni watamganda mpaka kitandani. Baadhi ya hayo ni kweli. Aliyeandika ni mkaazi wa Malindi, basi usitarajie lugha ya brosha.

Kwani huko si huwa kimya kila mwaka?

Huwa. Masika yakianza Aprili na upepo wa kusi ukishika, hoteli nyingi za ufuoni hufunga. Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote huku, na unaweza kupita barabara ya Casuarina asubuhi nzima usikutane na mgeni hata mmoja. Wenye hoteli hutumia muda huo kuezeka upya makuti, kupaka rangi na kufukua mabomba. Mpishi anajua ataitwa Julai. Dereva wa tuktuk ameshaweka akiba kidogo, au ameshajua atamkopa nani. Kimya hicho kina tarehe yake ya kuanza na ya kuisha, na mji umekizoea.

Kimya cha pili hakina tarehe. Kinakuja Agosti au Desemba, wakati vyumba vinapaswa kujaa. Tulikiona mwanzoni mwa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007. Tulikiona 2014, serikali za nje zilipotoa tahadhari za usafiri na kampuni za utalii za Uingereza zikawaondoa wateja wao Mombasa mwezi Mei. Tulikiona zaidi 2020, ndege za kimataifa za abiria ziliposimamishwa kuanzia Machi 25 hadi Agosti 1. Mara nyingine tatizo huwa mbali kabisa na Malindi, lakini mtu aliyeko Milan akitazama ramani ya Kenya haoni umbali, anaona nchi moja.

Nimetaja Milan makusudi. Malindi imeegemea Italia kuliko mji mwingine wowote wa pwani hii. Mradi wa roketi wa San Marco kule Ngomeni, uliorusha setilaiti kuanzia 1967, uliwaleta wahandisi wa Kiitaliano, na baada yao wakaja wenye pizza, wenye hoteli na wazee wa kustaafu. Ndiyo maana mtoto wa miaka saba ufuoni anakusalimia "Ciao" kabla hajakutazama vizuri. Mji unaotegemea wageni wa nchi moja hupata shida mbili: ya kwao na ya kwetu.

Kwako msafiri tofauti ni hii. Katika kimya cha kila mwaka utakuta vitu vimefungwa na ilani ukutani. Katika kimya kisicho cha kawaida utakuta vitu viko wazi nusu. Geti liko wazi, jikoni nusu, bwawa nusu, jenereta nusu. Karibu majibu yote yanayofuata yanahusu namna ya kujua ni nusu ipi iliyo wazi kabla hujalipa.

Basi nitajuaje kama hoteli inafanya kazi sawasawa?

Piga simu. Usitume ujumbe, piga, na uongee na mtu wa mapokezi mwenyewe. Picha za mtandaoni ni za mwaka ambao mambo yalikuwa mazuri. Uliza hivi:

Wiki hii mna wageni wangapi? Mtu mkweli atakwambia "wanne" bila kusita. Akianza "tuko karibu kujaa" katikati ya mwaka mbaya, endelea kuuliza.

Mmefunga upande gani? Hoteli yenye vyumba vingi huwaweka wageni wachache pamoja katika jengo moja ili waokoe umeme na wafanyakazi. Hilo si baya. Ila ujue kama jengo hilo ndilo lililo karibu na bahari au ni lile la nyuma karibu na tangi la maji.

Stima ikipotea, jenereta inawashwa saa ngapi na kuzimwa saa ngapi? Dizeli ni kitu cha kwanza kupunguzwa, na usiku wa Malindi bila feni si wa kuomba.

Bwawa lilitiwa dawa lini? Maji yasiposafishwa kwa muda hugeuka kijani, na hakuna punguzo la bei litakaloyafanya buluu.

Chumba kimekaa bila mtu tangu lini? Hili watu hawaulizi, nami naliweka juu kuliko yote. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu. Chumba kilichofungwa wiki kadhaa hutoa harufu ya ukungu, godoro hujaa unyevunyevu, kiyoyozi hutema vumbi. Waombe wakifungue siku mbili kabla hujafika, watandue kitanda, waanike godoro juani. Hoteli nzuri itafurahi umeuliza. Ukifika, nenda moja kwa moja ukainue shuka kabla hujafungua begi.

Muulize pia kama maji ya bafuni ni ya kisima au ya mfereji. Maji ya mfereji ya Malindi hutoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, na yakikatika wengi hurudi kwenye kisima cha nyumbani, ambacho huku mara nyingi ni cha chumvi. Sabuni haitoi povu, nywele zinakakamaa. Haidhuru, lakini ujue mapema.

Bei zitakuwa chini?

Za kulala, ndiyo, na mara nyingi chini sana. Bei ya wakaazi wa Afrika Mashariki, ambayo kwa kawaida hukaa ndani ya droo mpaka uitaje, mwaka kama huu hutolewa hata kwa asiyeuliza.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana watu wengi hunaswa hapa. Kila kitu kinachogawanywa na watu wengi huwa ghali wageni wakiwa wachache. Chukua boti ya kioo ya kwenda kutazama matumbawe. Petroli ni ileile, nahodha ni yuleyule, na baharia wake wawili wanataka kula. Tuseme boti nzima ni shilingi 10,000: mkiwa kumi kila mtu anatoa 1,000, mkiwa wawili mnatoa 5,000 kila mmoja. Gari la kwenda Tsavo Mashariki kupitia geti la Sala ni hivyohivyo. Dhau ya machweo hivyohivyo. Mtu huokoa pesa kwenye chumba kisha akazimwaga zote baharini.

Dawa yake ni kungoja wikendi. Hata mwaka uliochacha, Ijumaa jioni familia za Mombasa na Nairobi huteremka, na sikukuu ikiangukia Ijumaa au Jumatatu mji huamka kabisa. Mwachie nahodha namba yako Jumatano: "Nahodha, ukipata watu wa Jumamosi nitie na mimi." Atakupigia. Kwake wewe ni petroli iliyokwisha kulipwa.

Nilipe yote mapema ili nipate punguzo?

Hapana.

Lipa kiasi cha kushikilia chumba, na salio ukifika na kukiona. Katika mwaka mbaya hoteli inaweza kufungwa ghafla, ikapokonywa, au mwenyewe akaamua kwamba wageni watatu hawalipi mshahara wa watu ishirini. Hakuna aliyekutapeli hapo, lakini pesa zako zimeshaliwa.

Matapeli wenyewe pia huongezeka. Nyumba tupu ni nyingi, na picha zake ziko kila mahali. Mtu huchukua picha za jumba la watu, akatangaza kwenye Facebook kwa bei ya kutupa, akataka malipo kwa namba yake ya simu. Mwambie akupigie simu ya video akiwa amesimama ndani ya nyumba, akuoneshe bahari kutoka dirishani na mita ya stima ukutani. Ukilipa kwa Till au Paybill, yaani namba za biashara za M-Pesa, soma jina linalotokea kabla hujathibitisha malipo. Likiwa jina la mtu usiyemjua badala ya jina la biashara, acha.

Bahari itakuwaje?

Hilo linategemea upepo, na upepo haujui mambo ya watalii. Kusi, takribani Aprili hadi Septemba, hutibua bahari na mara nyingi hutupa mwani mwingi ufuoni. Kaskazi, Desemba hadi Machi, huleta jua kali na maji yanayoogeleka vizuri. Katikati yake kuna malelezi, upepo unapolegea na bahari ikalala kama kioo. Oktoba na Novemba ya mwanzo, kabla mvua za vuli hazijashika, ni wakati ambao ningemshauri ndugu yangu aje.

Kuhusu maji ya kahawia: Sabaki inamwaga matope yake kaskazini mwa mji, na wengi wanadhani ghuba ya Malindi huchafuka masika tu. Wakati wa kusi mkondo huyasukuma matope kwenda kaskazini, upande wa Mambrui. Ni kaskazi, hasa mvua za vuli zikiwa zimejaza mto, ndipo matope hushuka kusini mpaka mbele ya mji. Watamu iko mbali na mdomo wa mto, kwa hiyo maji yake huwa safi zaidi. Ukikuta Malindi pamekuwa chai ya maziwa, panda matatu uende Watamu, si mbali.

Kisha kuna kupwa na kujaa. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi hivi. Hapo ndipo fungu la mchanga la Mayungu, ambalo Waitaliano wamelibandika jina la Sardegna 2, hutoka nje ya maji na unaweza kutembea juu yake. Ukija siku za maji mafu, yasiyopwa sana, utaambiwa fungu halijatoka vizuri, na mwenye kukwambia hivyo hakudanganyi. Tazama mwezi kabla ya kukata tiketi. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zote mbili zilizotengwa mwaka 1968, malipo yake ni kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, basi usije getini na simu iliyoisha chaji ukitegemea noti.

Julai hadi Septemba nyangumi wenye nundu hupita nje ya mwamba wa Watamu. Bahari ni kali miezi hiyo, na anayetapika kwenye matatu ya Nyali asijaribu.

Nitakula wapi kama mikahawa imefungwa?

Hapa ndipo mgeni wa msimu mbaya anapoweza kula vizuri kuliko yule wa Desemba, akikubali kubadilisha tabia.

Hoteli isiyo na wageni haipiki bufee. Menyu ina kurasa nane, lakini ukiagiza utaambiwa hiki hakuna, kile kimeisha, na kilichopo kimekaa kwenye friza tangu wageni walipokuwa wengi. Usiigombeze menyu. Mwambie mpishi asubuhi, unapokunywa chai, utakula nini jioni, na umwachie pesa ya sokoni akitaka.

Jirani yetu ana nyumba ndogo ya wageni, na mpishi wake hufanya hivi: akishaondoa vyombo vya asubuhi anapanda baiskeli mpaka pwani wanakopandisha samaki. Anachuchumaa, anambonyeza changu jicho kwa kidole gumba, anafunua matamvua aone wekundu, anamrudisha, anamchukua mwingine. Anabishana kidogo kuhusu bei kwa sababu ni lazima kubishana. Anarudi na samaki wawili kwenye kikapu kilichoning'inia usukani, wawili kwa kuwa wageni ni wawili. Saa mbili usiku wanaletwa mezani wamepakwa nazi na ukwaju, na wali pembeni. Desemba mpishi huyohuyo anapokea samaki kwa kreti na hana muda wa kumtazama yeyote jicho.

Wakati wa kusi mkali hata samaki huadimika, kwa sababu mitumbwi na ngalawa hazivuki mwamba. Bei hupanda. Uliza pweza, au ule kuku wa kienyeji.

Upande wa wenyeji haujui msimu. Mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, viazi karai na bajia alasiri, mishkaki na mkate wa mofa jioni, vyote vinaendelea kwa sababu walaji ni sisi. Hiyo ndiyo kanuni yangu ya usafi pia: kula pale sufuria inapoisha kila siku. Mgahawa mzuri wenye meza arobaini na mlaji mmoja unanitia wasiwasi kuliko mama mwenye karai moja na foleni.

Aiskrimu ya Kiitaliano? Ipo. Hiyo nayo tumeshaifanya yetu.

Na hawa bichi boi?

Watakuja. Mwaka wa kawaida vijana kumi hugawana wageni mia. Mwaka huu wageni ni watano. Kila mmoja ana kitu: safari ya boti, vinyago, kusuka nywele, hina, ngamia, madafu, au mazungumzo tu yanayoelekea kwenye mojawapo ya hivyo.

Kosa la watu wa bara ni kupita kimya wakitazama simu. Huku asiyejibu salamu ameshatukana. Simama, salimu, sema "Asante kaka, leo napunga upepo tu," kisha endelea. Akiwa mzee mwenye kibanda, "Shikamoo mzee" inakufungulia njia. Usiseme "labda kesho" kama huna nia, kwa sababu kesho atakungoja pale ngazi za hoteli zinaposhukia mchangani, na atakuwa na haki.

Wageni wengine humchagua mmoja siku ya kwanza na kumfanya mwenyeji wao. Unampa kazi ya boti, anakutafutia tuktuk, na wenzake wakikufuata unasema "niko na fulani". Wanaheshimu hilo kuliko ilani yoyote ya hoteli. Chagua mwenye kitambulisho cha chama cha waendeshaji wa ufuoni.

Nipatane bei mpaka wapi?

Patana, ni desturi, na asiyepatana hushangaza. Lakini kuna mahali pa kusimama. Mchongaji ambaye hajauza kitu tangu Jumatatu atakubali bei yoyote ikifika jioni, kwa sababu hesabu yake imeshahama kutoka kwenye kinyago na kuhamia kwenye pakiti ya unga. Ukimwona anakubali haraka mno, hapo umeshavuka. Mimi huona si ushindi kununua simba wa mti wa mpingo kwa bei ya soda mbili, kisha ukaenda kuhadithia Nairobi.

Kwa boti, uliza kwanza petroli inakula kiasi gani na watu ni wangapi kazini. Ukijua hivyo bei inajieleza yenyewe.

Ni salama?

Mchana, ndiyo, kwa uangalifu wa kawaida. Usiku kuna jambo moja ambalo mgeni hafikirii. Kwa kawaida kila hoteli ina askari wake na taa inayomulika ufuo. Hoteli kadhaa zikifungwa mfululizo, kipande hicho cha ufuo ni giza na hakina wa kukusikia. Njia uliyotembea salama miaka mitatu iliyopita si ileile. Jua likizama panda tuktuk upite barabarani, hata kama unakoenda unakuona kwa macho.

Kuogelea ni hivyohivyo. Mbele ya hoteli iliyofungwa hakuna anayekutazama. Wakati wa kusi, mkondo kwenye mianya ya mwamba huvuta. Ingia pale wavuvi na watoto wa mtaa wanapoingia, na waulize.

Mbu ni wengi mvua zikinyesha, na vidimbwi visivyotunzwa vya majumba matupu huwazidisha. Lala ndani ya chandarua.

Kuna nini cha kuona ambacho hakijafungwa?

Mawe hayaendi likizo. Gede, mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17 na kumezwa na msitu, uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Nenda mapema asubuhi. Pale kuna kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399, na bila makundi ya wageni unaweza kusimama mbele yake ukasikia kima wakiruka juu ya mibuyu. Ndizi ifiche, kima wa Gede nao wanaonja ukata wa msimu. Karibu na lango kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, ambapo wanakijiji wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuwauza nje ya nchi wakiwa pupa, yaani bado ndani ya kifuko, kipato kisichongoja mtalii afike.

Arabuko-Sokoke wenyewe, zaidi ya kilomita mraba 400 za msitu wa pwani, una sange wa kiuno cha dhahabu na bundi mdogo wa Sokoke. Chukua mwongozaji wa pale anayejua ndege wa msituni, ana macho ambayo huna. Mvua ikiwa imenyesha usipeleke gari dogo, utalala humo na ndovu.

Mjini, nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapa Aprili 1498, na kanisa dogo la Wareno hukaguliwa kwa asubuhi moja. Ningekusihi usiishie kwa Mreno. Makaburi ya mnara karibu na msikiti wa Jumaa ni ya zamani zaidi ya hadithi yake, na miongo minane kabla yake, 1415, Malindi ilishapeleka twiga China. Ukiingia mitaa ya mji wa kale, funika mabega na magoti.

Marafa, lile bonde la udongo mwekundu wanaloliita Nyari, nenda saa kumi alasiri. Wagiriama watakuhadithia familia tajiri iliyokuwa ikioga maziwa, na jinsi ardhi ilivyoimeza. Baada ya mvua kushuka chini ni utelezi mtupu. Tazama kutoka juu.

Malindi au Watamu?

Katika mwaka uliochacha, Malindi. Watamu ina ufuo mzuri zaidi, sibishani, lakini ni kijiji kilichozungukwa na hoteli, na hoteli zikilala nusu ya Watamu inalala. Malindi ni mji wenye soko, hospitali, mahakama, madrasa na foleni ya benki. Lala Malindi, oga Watamu.

Nifikeje?

Kwa ndege mpaka Malindi kama safari zipo. Mashirika hupunguza ndege abiria wakipungua, na ya mchana ikakosa watu unasukumwa ya jioni. Kwa treni ya SGR mpaka stesheni ya Miritini, Mombasa, kisha kilomita kama 120 kwa barabara. Ukipanda treni ya mchana Nairobi utafika usiku, na gari la hoteli la kukungoja litakuwa la kwako peke yako, kwa bei ya peke yako. Matatu za Mombasa na Malindi hazina msimu, zinajaa wenyeji na kuondoka. Foleni ya Mtwapa iweke kwenye hesabu.

Nije na watoto?

Wakija, hakikisha bwawa linafanya kazi. Mengine watajitafutia.

Ramadhani je?

Ikikutana na msimu mbovu, mchana mji wa kale unafunga vibanda vya chakula na wewe usile hadharani huko. Kuanzia magharibi ndipo Malindi inapochangamka kuliko mwezi mwingine wowote: kaimati, sambusa, tambi za sukari, uji wa pilipili manga. Asiyefunga naye hukaribishwa futari.

Bakshishi nimpe nani?

Wengi waliobaki kazini ni wa kandarasi fupi, na wenzao wako nyumbani bila malipo. Anayekuhudumia mezani leo ndiye pia aliyefagia chumba na ndiye atakayefungua geti. Mpe yeye mkononi, kisha tia kitu kwenye sanduku la pamoja kwa ajili ya wale usiowaona jikoni.

Uchaguzi wa 2027 utaathiri?

Siku ya kupiga kura ni Agosti 10, 2027, katikati ya likizo ya Waitaliano. Wageni wa ng'ambo huahirisha safari miaka ya uchaguzi hata pasipotokea lolote. Ukipanga kuja mwezi huo, chukua chumba kinachoruhusu kubadilisha tarehe bila faini, na kumbuka wafanyakazi wengi watataka kwenda kwao kupiga kura, basi wiki hiyo usishangae ukijitengenezea chai.

Nimefika na hoteli niliyolipia imefungwa. Nifanye nini?

Usimfokee askari wa geti, hakuifunga yeye. Mpe salamu, mwombe kiti, piga namba uliyolipia huku yeye akisikia. Huduma ya M-Pesa ya kurudisha pesa iliwekwa kwa ajili ya aliyekosea namba, basi usiitegemee sana. Hifadhi ujumbe wa malipo na upige picha geti lenye kufuli. Kama pesa ni nyingi, andikisha kituo cha polisi siku hiyohiyo.

Kitanda hutakosa, mwaka huu vitanda vitupu ni tele. Muulize askari huyohuyo ni nyumba gani hapa karibu ina wageni na jiko linawaka. Anajua, kwa sababu mpishi wa pale hupita mbele ya geti lake kila asubuhi. Nenda kwa miguu ukaione, ufungue bomba, uinue shuka, kisha ndipo ulipe, usiku mmoja kwanza.